Ukuta Uliolambwa na Ng'ombe

Mume wangu alipopunguzwa kazi, jambo la kwanza alilofanya ni kutoa begi lake la turubai chini ya kitanda, akalipangusa vumbi, akaliweka karibu na mlango wa chumba. Hakusema anakwenda wapi, na hakuwa na haja ya kusema. Siku hizo wanaume wa Bariadi waliopunguzwa walikuwa wanakwenda kule kule, machimboni Geita, na sisi wake zao tulikuwa tunajuana kwa macho pale kisimani. Mume wa jirani yangu alikwenda kwa miezi mitatu. Sasa ulikuwa mwaka wa pili, na kilichokuwa kinarudi ni salamu tu.

Alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika. Miaka kumi na minne alipokea pamba, akaipanga, akafunga kufuli, akatembea na funguo kiunoni mpaka suruali zake zote zikachakaa upande mmoja. Kisha soko likawa huria. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao na malori yao, mkulima wa Zagayu akawa na hiari ya kumuuzia anayemtaka, na lile ghala dogo nyuma ya soko likabaki na popo. Barua ya kumpunguza ilikuwa na mistari minne. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka kwenye Biblia.

Mimi nina tabia moja ambayo mama mkwe wangu aliilalamikia mpaka anaingia kaburini: siwezi kutupa kitu. Kopo la rangi kwangu ni ndoo, ndoo iliyotoboka ni kitalu cha mchicha. Kwa hiyo nilipolitazama lile begi, sikulia. Nilienda mbele ya nyumba nikaanza kutazama tulichonacho.

Tulikuwa na nyumba aliyoiacha baba yake kwenye kiwanja kilichopimwa, kando ya barabara ya kwenda mnadani. Chumba cha mbele kilikuwa kikubwa, ila ukuta wake wa udongo ulikuwa umeinama kuelekea barabarani, na bati zake zilikuwa zimeoza kiasi kwamba mchana tulihesabu nyota. Nikasema hapa nitafungua hoteli. Chai na maandazi asubuhi, ugali na samaki wa Lamadi mchana. Msimu wa pamba mji unajaa watu wenye njaa, na mtu mwenye njaa haulizi mpishi ni mke wa nani.

Bwana afya, aliyekuwa na kazi ya kukagua vyumba vya chakula, alikuja, akatazama, akaniandikia masharti kwenye karatasi: ukuta wa tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, paa lisilovuja, dari. Bila hayo hakuna cheti, na bila cheti hakuna leseni.

Mume wangu aliisoma ile karatasi, akacheka bila furaha.

"Kwa pesa ipi?" akauliza. "Kwa kile kiinua mgongo kilichoisha kwa ada za shule?"

"Nipe muda."

"Nitasubiri mpaka pamba ianze kuingia mjini. Hoteli ikiwa wazi, nabaki. Isipokuwa wazi, usinizuie."

Nikakubali. Ningefanya nini? Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona aibu kukaa nyumbani saa nne asubuhi.

Wiki hiyo hiyo nikapita nyuma ya soko, nikakuta vijana wana nyundo wanabomoa lile ghala lake. Mfanyabiashara mmoja kutoka Mwanza alikuwa amelinunua na alitaka kupandisha jengo jipya la vioo. Tofali zilikuwa zinarundikwa kungoja lori la kwenda kufukia mashimo ya barabara. Mlango wa mninga, mzima na bawaba zake, ulikuwa umeegemezwa tayari kupasuliwa kuni. Nilihisi uchungu hasa, kama ninaona mtu anamwaga maziwa.

Nikamwendea msimamizi, nikamuuliza vile vitu vinakwenda wapi.

"Mama, vikikufaa chukua," akasema. "Ila chukua vyote, usituachie kifusi. Jumamosi nataka kiwanja cheupe."

Nyumbani mume wangu aliposikia, alikataa katakata.

"Unataka kunijengea nyumba ya mitumba? Tena ya ghala lile lile walilonifukuza? Watu watasema nini?"

"Hilo shati ulilovaa umelinunua wapi?"

Akajitazama. Alikuwa amelinunua mnadani, kwenye turubai la mitumba, na mfukoni lilikuwa na jina la kampuni ya mabasi ya nchi nisiyoijua. Kisha akaenda kuazima mkokoteni wa ng'ombe.

Tulibeba siku nne. Fundi wetu alikuwa jirani, mzee mkimya aliyekuwa amejenga makanisa mawili, na alinielewa kuliko mume wangu alivyonielewa. Misumari tuliinyoosha kwenye jiwe mmoja mmoja. Bati la zamani lina matundu, na asiyejua hulilaza hivyo hivyo kisha anashangaa mvua inamfuata kitandani. Fundi alizipanga upya ili matundu mengi yaangukie pale bati moja linapolalia lingine, na yaliyobaki akayaziba kwa lami na vipande vya mpira wa tairi. Mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, zilikuwa nzuri kuliko za dukani. Dari niliitengeneza kwa magunia ya katani: nilifumua mishono, nikayaunganisha, nikayachovya kwenye uji mzito wa chokaa, mume wangu na fundi wakayapigilia juu yangali mabichi. Yalipokauka yakakaza kama ngoma. Kitu tulichonunua kipya kilikuwa saruji peke yake, na hata mifuko yake sikuitupa.

Ukuta wa mbele tuliubomoa, tukaujenga kwa zile tofali. Nataka nieleze vizuri jinsi ulivyopanda, kwa sababu ndipo kosa lilipoingilia. Jengo likibomolewa, tofali za juu hutoka kwanza na za chini hutoka mwisho. Za mwisho ndizo zinazokaa juu ya rundo lako, na fundi akianza kujenga huchukua zilizo juu ya rundo. Kwa hiyo tofali zilizokuwa chini kule ghalani zikawa chini kwangu pia. Zilikuwa na unga mweupe. Nikamuuliza fundi ule ni nini, akasema chokaa, lazima waliwahi kupaka. Nikafurahi, nikaona nimepata tofali zilizokwisha kupakwa rangi. Mimi mpishi, ninayeonja hata maji ya kupikia, sikuonja. Juu yake tukapiga lipu nyembamba ya udongo na saruji kidogo, nikapaka nyeupe, na bwana afya akasema atakuja Ijumaa.

Pamba ilikuwa inategemewa kuanza kuingia wiki inayofuata. Jumanne jioni nilipika ugali kwa dagaa, nikamwona mume wangu amesimama barabarani anautazama ukuta. Hakusifu. Ila alikaa pale muda mrefu, na mimi nikalala nimetulia.

Jumatano ni siku ya mnada. Ng'ombe wa Nkololo hupita mbele ya nyumba yetu tangu alfajiri, makundi kwa makundi, na tumezoea. Mimi nilikuwa nimekwenda kusaga mahindi. Niliporudi nilikuta ng'ombe wamejipanga mbele ya hoteli yangu, makalio barabarani, vichwa ukutani, kimya, kama waumini. Walikuwa wanalamba. Mchungaji alikuwa anawapiga fimbo na hawasikii. Nilitupa debe la unga nikawakimbilia na kanga.

Walipoondolewa, niliona walichofanya. Lipu ya chini yote ilikuwa imekwisha. Tofali zenyewe zilikuwa zimelainika, zimeingia ndani, nyingine kiasi cha kiganja, na unga mwekundu ulikuwa unamwagika chini. Fundi alikuja mbio, akachomeka msumari kwenye tofali kwa kidole tu, ukaingia. Akavua kofia.

"Mama, huu ukuta wote tubomoe," akasema. "Tofali mbovu hizi. Tuanze upya, kama wiki mbili hivi."

Wiki mbili. Nilikaa juu ya debe langu na unga kidogo uliobaki. Mume wangu alikuwa ametoka ndani, amesimama mlangoni, na nyuma yake, pale chumbani, niliona lile begi. Nadhani na yeye alijua ninatazama nini. Nilikuwa na hasira, siyo kwa ng'ombe wala kwake. Nilijikasirikia mimi na ushindi wangu wa bure, niliyejifanya najua kuokota.

Mwenye ng'ombe alirudi baada ya kuwafikisha mnadani. Alikuwa mzee mrefu, amevaa koti la mvua kwenye jua. Alikuja kuomba radhi, na alifanya hivyo taratibu kama inavyotakiwa, akianza na salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

Tukasalimiana mpaka mwisho, habari za watoto, za mvua, za mifugo, na mimi nalengwalengwa na machozi. Ndipo akainama, akamega kipande cha tofali, akakitia mdomoni. Akakitafuna.

"Hawana kosa hawa," akasema. "Hii ni chumvi. Ng'ombe hajui kusoma, lakini kwa chumvi humdanganyi. Mmeitoa wapi tofali hii?"

Mimi na fundi tukatazamana. Nikageuka nikamtazama mume wangu, akashika kichwa.

"Chumba cha nyuma," akasema. "Mungu wangu. Chumba cha nyuma."

Ndipo na mimi nikakumbuka, na mpaka leo sielewi tuliwezaje kusahau. Miaka ile ya foleni, kabla ya soko huria, wakati sabuni ilikuwa habari na sukari ilikuwa hadithi, chumvi ya mgao ilikuwa inaletwa na chama na kuwekwa kwenye chumba cha nyuma cha lile ghala. Watu walipanga mstari kuzunguka jengo. Mimi nilikuwa msichana, nimetumwa na mama na bakuli la bati. Mtunza ghala alikuwa kijana mwenye funguo kiunoni, na kila mtu alimpimia kikombe kilichosawazishwa kwa kijiti, isipokuwa mimi, ambaye kikombe changu hakikupitishiwa kijiti. Ndivyo tulivyofahamiana. Nimekula chumvi ya ukuta ule kabla sijaolewa. Lakini siku hizi chumvi ipo kila kibanda, na mtu akishashiba anasahau hata njaa ilikuwa inakaa chumba gani.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Hukuniuliza."

"Wewe ndiye uliyeiweka!"

"Niliiweka mimi, ndiyo." Akauendea ukuta, akaupimia mguu wake. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa ile ya kazini. "Fundi, usibomoe wote. Mgao haukuwahi kuzidi magunia mawili kwenda juu. Niliyapanga mwenyewe, yamelala, yanagusa ukuta. Yanafika hapa, gotini. Juu ya hapo hakukuwahi kukaa chumvi. Tofali zangu za juu ni nzima."

Fundi hakuamini. Basi tukafanya kitu ambacho jirani zetu walikisimulia kwa miaka: tukaonja ukuta. Mume wangu alianzia upande wa mlango, mimi upande wa dirisha, tunakwangua lipu ya juu, tunalowesha kidole, tunagusa tofali, tunaonja. Yenye chumvi niliitia alama ya mkaa. Watu walisimama. Mwanamke mmoja akauliza kama ndiyo chakula cha hoteli mpya. Nikamwambia Jumatatu aje na bakuli. Tulipomaliza, alama zote za mkaa zilikuwa chini ya goti, kozi tano, yaani mistari mitano ya tofali, na juu yake mbili tatu tu zilizopotea njia.

Fundi akavaa kofia yake. "Kozi tano naweza," akasema. "Natoa kipande cha urefu wa mkono mmoja, najaza, naruka, natoa kingine. Ukuta hautajua. Ila tofali nzuri nitapata wapi leo?"

Yule mzee wa Nkololo hakuwa ameondoka. Alikuwa ameokota tofali moja iliyoanguka, anaigeuzageuza.

"Mayu, hizi mnazozitoa mnazitupa?"

Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo.

"Mimi situpi kitu, baba."

Akasema ana nyumba ya tofali za kuchoma kwenye boma lake la zamani. Aliyejenga ni mwanawe, akahamia Magu, na sasa wanalala mbuzi. Tofali ni ngumu, zimechomwa vizuri. Chumvi ya ng'ombe yeye anaifuata mbali. Tukimpa zetu, atatupa zake, moja kwa moja, na mkokoteni wake.

Mume wangu alivua lile shati la mabasi, akalitundika kwenye dirisha, akapanda mkokoteni na yule mzee. Hakuniaga wala hakuniuliza kama ninakubali. Walirudi jua linazama wakiwa wekundu wote wawili kwa vumbi, tofali zimejaa, na Alhamisi kutwa yeye na fundi walifanya kazi wamepiga magoti. Alitoa, fundi akajaza. Kila tofali ya chumvi aliyoitoa aliiweka upande kwa utaratibu, ncha kwa ncha, kama zamani alivyokuwa anapanga magunia. Nikampelekea uji. Akaunywa bila kusimama. Sikumbuki mara ya mwisho nilimwona hivyo, ana haraka.

Jioni mkokoteni uliondoka na chumvi yetu yote ya miaka ya foleni. Mzee akasema, "Wabeja, mayu," nami nikamrudishia shukrani ile ile, wabeja, na nilimaanisha kuliko nilivyowahi kumaanisha kanisani.

Ijumaa bwana afya akaja na faili lake. Alitazama paa, akatazama dari, akaipiga kwa kalamu, akauliza ni ubao gani. Nikamwambia magunia. Akaandika kitu. Kisha akatoka nje, akainama, akaona saruji kati ya tofali za chini ni mbichi na ya juu ni kavu. Akaniuliza kwa nini.

Fundi alikuwa amenifundisha jibu, kwamba niseme tuliongeza nguvu ya msingi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mji wote ulikuwa umeniona nikilamba nyumba yangu. Nikamweleza yote, kuanzia foleni mpaka ng'ombe. Alinisikiliza uso mkavu. Nilipomaliza, akafunga faili, akavua miwani, akalowesha kidole chake cha serikali, akagusa tofali ya chini, akaonja.

Nilimtazama mdomo. Nadhani sijawahi kumtazama mwanamume yeyote mdomo kwa makini vile.

"Mbuzi," akasema.

"Ndiyo, bwana afya. Walikuwa wanalala kwenye nyumba zilikotoka."

"Nawa mikono, mama, na hizi tofali za nje zipige lipu nzito, ya saruji tupu." Akawa anajipangusa kwa leso. "Lakini chumvi hamna."

Akagonga mhuri pale pale, juu ya goti lake. Mimi nikakaa kwenye kizingiti cha ule mlango wa mninga, nikacheka mpaka nikalia. Mume wangu alisimama karibu yangu, mkono wake begani kwangu, mbele za watu, jambo ambalo hatulifanyi.

Hakusema kama anabaki, na mimi sikuuliza. Niliogopa. Mtu anaweza kukusaidia kujenga na bado akaondoka, wapo waliofanya hivyo, na ahadi ya mwanamume mwenye aibu ni kitu cha kushika kwa ncha za vidole. Jumamosi tulipiga lipu. Jumapili tulikwenda kanisani. Jumatatu lori la kwanza la pamba likaingia mjini, niliisikia honi yake nikiwa nakanda unga wa maandazi, na mikono yangu ikasimama ndani ya beseni.

Nikaenda chumbani. Karibu na mlango hapakuwa na kitu. Begi halikuwepo, na yeye hakuwepo.

Nilirudi jikoni kwa sababu mafuta yalikuwa motoni. Wateja wawili walikuwa wamekwisha kaa, wanaulizana kama huu ndio ule ukuta. Nikawahudumia chai. Sikumbuki niliwaambia nini. Nilikuwa nasema moyoni kwamba angalau nimebaki na nyumba, nyumba nzuri, isiyovuja, na kwamba nitawalisha watoto wangu, na kila nilipolisema nililiona ni jambo dogo.

Akaingia kwa mlango wa nyuma, jasho linamtoka, begi begani. Akalishusha kwenye meza ya jikoni, akafungua zipu. Lilikuwa limejaa vitunguu.

"Sokoni hawana mifuko," akasema. "Hili litatufaa. Lina nafasi."

Akapigilia msumari ukutani, mmoja wa ile tuliyoinyoosha, akalitundika. Limekaa pale mpaka turubai lake likaisha, na hata lilipoisha, zipu niliitoa.